Muulize Daktari: ganda la ndizi, mguu wa mbuzi na mkono unaotetemeka

Asalaam aleikum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Mwezi huu barua karibu zote zinazungumzia kitu kimoja, kushona vidonda. Wanafunzi wanauliza wafanyie wapi mazoezi, mzazi mmoja analalamika jikoni kwake, na mzazi mwengine ameuliza swali lilonikosesha usingizi, hilo nimeliweka mwisho. Ngoja tuanze.

SWALI: Dokta, mie mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu hapa Unguja. Juzi tuliingia chumba cha mazoezi kila mtu akapewa dakika kama 20 kushona kipande cha silikoni, mwalimu akanambia mkono wako mzito kama unashona gunia. Nimeona onlaini kuna boksi la mazoezi lina ngozi ya silikoni, nido holda (koleo ya kushikia sindano), fosepsi (kibanio cha kushikia ngozi), mkasi na nyuzi, lakini bei yake nikijumlisha na usafiri mpaka Zanzibar ni pesa yangu ya kula mwezi mzima. Nikope ninunue au kuna njia nyengine?

JIBU: Usikope mwanangu. Hilo boksi si baya, nishawahi kulitumia na wanafunzi, ile ngozi ina tabaka, ngozi juu, kisha mafuta, kisha nyama, na zile nzuri zina wavu ndani ili uzi usichane ukiuvuta. Zile rahisi zisokuwa na wavu ukishona mahala pamoja mara kumi pameshakuwa tundu, na pesa yako ndo imekwenda. Halafu silikoni haikwambii ukiiumiza. Utaibana na fosepsi mpaka mkono uchoke na itabaki vilevile, wakati ngozi ya mtu ukiibana hivo ncha zake zinakosa damu, zinakufa, na kidonda hakiungi.

Nikupe mfano ili usidhani nakuliwaza tu kwa kuwa huna pesa. Toronto, Kanada, kuna utafiti ulochapishwa 2002, wanafunzi 40 wa udaktari wa mwaka wa mwisho walikuwa wanafundishwa kuingia na kamera kwenye mrija wa mkojo kutoa jiwe. Kundi moja likapewa kifaa cha dukani cha dola 3,700 za kule, kundi jengine kifaa cha dola 20 kilotengenezwa kwa kikombe, mirija ya kunywea soda na mpira, na kundi la tatu likasomeshwa kwa maneno tu. Walipotahiniwa, wa dola 3,700 na wa dola 20 hawakuachana kwa maana yoyote, walobaki nyuma ni wale wa maneno. Kwa hiyo kinachosomesha ni mkono kushika kitu na kurudia, bei ya kitu chenyewe inafuata mbali sana.

Sasa nenda kwa fundi makochi yeyote, muombe vipande vya reksini na sponji vilobaki, mara nyingi hata hatotaka pesa. Reksini iwe ngozi, sponji iwe mafuta, zigandishe kwa gundi, kisha ubane pembe nne kwenye kibao kwa misumari midogo au plasta nene, isitembee. Ichane kwa wembe urefu wa kidole, hapo una kidonda. Huyohuyo fundi anayo sindano ilopinda ya kushonea makochi, ni nene kuliko ya spitali lakini inafundisha mzunguko wa mkono. Ukitaka za kweli kamuone msimamizi wa thieta kwa adabu, umuulize kama kuna nyuzi zilopita tarehe, kwa mgonjwa hazifai tena na kwa mazoezi hazina neno. Ila ziwe hazijafunguliwa, tafadhali sana, kitu kilogusa mgonjwa usikiombe wala usikiokote. Nido holda moja na fosepsi yenye meno ndo vitu pekee ambavyo ningekwambia ununue, hata vya kuchangia watu watatu.

Na ganda la ndizi usilidharau. Chukua ndizi mkono wa tembo, ganda lake nene, lichane, lishone. Ganda la ndizi lina tabia ambayo silikoni haina: ukivuta uzi kwa pupa linachanika, ukiingiza sindano kwa kuisukuma badala ya kuizungusha linachanika, na baada ya saa moja pale ulipolibana na fosepsi panakuwa peusi. Yaani makosa yako yanajiandika yenyewe. Nishawaambia wanafunzi wangu waache maganda yao mezani mpaka baada ya alaasiri kisha waje wayatizame, wengine wananyamaza kimya.

Huo uzito wa mkono alokwambia mwalimu mara nyingi unatoka sehemu moja. Sindano imepinda, kwa hiyo njia yake ndani ya nyama ni ya kupinda, wewe unaisukuma iende moja kwa moja. Ishike kwa ncha ya holda, theluthi mbili kutoka kwenye ncha kali, karibu na pale inapoungana na uzi lakini si juu ya kiungo chenyewe kwa sababu hapo ni laini itapinda. Ingia ngozini kwa digrii 90, ncha itazame chini kabisa, kisha zungusha kifundo cha mkono kama unafungua kitasa cha mlango, sindano itatoka yenyewe upande wa pili. Umbali wa kutoka ukingo wa kidonda uwe sawa pande zote mbili, kama milimita 5 kwa mguu au mkono, na kina kiwe sawa pia. Ukifanya hivo ncha za ngozi zinainuka kidogo kama midomo, hivo ndo inavotakiwa, zikijikunja kwenda ndani kidonda kitaunga vibaya au hakitounga kabisa.

Kuhusu muda. Wanafunzi wengi wanangoja Ijumaa mchana, wanakaa saa nne mfululizo, wanaamka Jumamosi mkono unauma na wiki inayofuata washasahau. Hukohuko Toronto, 2006, madaktari wadogo 38 walifundishwa kuunga mishipa midogo ya damu, nusu wakamaliza vipindi vyote vinne siku moja, nusu wakapata kipindi kimoja kila wiki. Mwezi mmoja baadae walipopimwa, wale wa kila wiki waliwapita wenzao, na masaa yalikuwa ni yaleyale. Mkono unasomea pia pale unapopumzika. Kwa hiyo dakika 20 kila siku baada ya sala ya isha, mishono kumi tu, hiyo kumi ishone kwa kuitizama.

Lakini kuitizama peke yako hakutoshi, hapa ndo nawaona wengi wanapotea. Mtu anashona reksini miezi mitatu kwa kosa lilelile, sasa kosa limekuwa mazoea na mazoea ni magumu kuliko ujinga. Simu unayo, iegemeze kwenye glasi ielekee mikono tu, jirikodi, kisha mpe mwenzako atizame na wewe umtizame yeye. Kuna karatasi ya kupimia ilotoka Chuo Kikuu cha Toronto 1997, mpaka leo inatumika duniani, ina vipengele saba na kila kimoja kinapewa alama 1 mpaka 5, na cha mwanzo kabisa ni unavoiheshimu nyama ya mgonjwa. Neno lenyewe ndo hilo, kuheshimu. Baada yake ndo zinakuja harakati za mikono kama zina haraka isokuwa na maana, unavoshika vifaa, unavojua vifaa, unavomtumia msaidizi, kama kazi inatiririka au unasita kila hatua, na kama unaijua hiyo operesheni yenyewe. Muombeni mwalimu wenu akutoleeni, mpimane wenyewe kwa wenyewe, na msioneane haya.

La mwisho kwako, kama nyumbani kuna bibi au mama anoshona kofia za mkono, kaa nae. Usicheke, nasema kweli. Mamaangu alitulea kwa kofia za bulibuli, tundu moja baada ya jengine, na sikupata kumuona akiuvuta uzi kwa nguvu hata siku moja. Alexis Carrel, Mfaransa alopata tuzo ya Nobel 1912 kwa kazi yake ya kuunga mishipa ya damu, alijifunzia wepesi wa mkono kwa mwanamke mdarizi wa Lyon, jina lake Madame Leroudier. Yeye alianza kulifikiria hilo baada ya rais wao Sadi Carnot kuchomwa kisu mjini Lyon 1894, mshipa mkubwa wa tumboni ukakatika na hakukuwa na daktari alojua kuuunga, akafa. Sasa sisi hapa wadarizi tunao mlango wa pili tu.

SWALI: Nasomea udaktari msaidizi, natokea Pemba. Kushona nakwenda vizuri ila fundo langu linafunguka, nikikaza zaidi ngozi inakuwa nyeupe. Tatizo nini?

JIBU: Una matatizo mawili na yanasukumana. Fundo lako linafunguka kwa sababu unafunga upande mmoja mara mbili, kwa hiyo linakaa mshazari na linateleza, na kwa sababu linateleza unalikaza, na kwa kulikaza unainyima ngozi damu.

Fundo zuri linalala bapa. Waulize wavuvi, wao hawana haja ya kufundishwa hili. Ukitumia holda, iweke holda katikati ya nyuzi mbili, uzi mrefu uzungushe juu yake mara mbili kwa fundo la kwanza, shika ncha fupi, vuta, mikono ipishane. La pili rejesha tena holda katikati ya nyuzi, zungusha mara moja, na safari hii mikono ivute kinyume na mara ya mwanzo. Ukikumbuka kila mara kuiweka holda katikati na kila mara kubadilisha upande, hutokosea. Hariri ilosukwa mafundo matatu yanatosha, nailoni ni kaidi, inakumbuka ilivokunjwa kwenye pakiti na inataka kujifungua, ipe manne au matano.

Kwa mazoezi tafuta kamba mbili za viatu za rangi mbali mbali, zifunge kwenye mguu wa kiti, kwa rangi utaona wazi fundo limelala au limepinda. Ukishazoea ingia kwenye mshipi, huu wa kuvulia, kwa sababu nao ni nailoni na una ukaidi uleule, mie nauona ndo kifaa bora cha mazoezi ya fundo katika visiwa hivi na kinauzwa kila duka la pwani. Halafu kuna jaribio moja, chukua kikombe cha plastiki kitupu, funga fundo kwenye mkono wake bila ya kikombe kuinuka wala kusogea. Kikitembea, jua ungekuwa unamvuta mgonjwa. Na ncha za kidonda zikutane tu basi, ziguse, zisibanane, maana kesho yake kidonda kitavimba kidogo na uzi ulokazwa leo kesho utakata nyama.

SWALI: Dokta mie mama wa Wete. Mwanangu anasomea udaktari, akija likizo ananunua miguu ya mbuzi na matumbo anayashona juu ya meza yangu ya jikoni usiku kucha, halafu anataka tuyapike. Na nimemsikia na wenzake wanasema huko kwengine wanatumia miguu ya nguruwe ndo mizuri. Nimefadhaika. Je hayo ni lazima?

JIBU: Bi mkubwa, pole, na hongera kwa kijana. Nguruwe si lazima hata kidogo. Ni kweli nchi nyengine wanatumia miguu yake kwa kuwa ngozi yake inafanana na ya binaadamu na inapatikana kwa urahisi kwao, lakini kitaalamu hakuna kitu kijana wako atakachokikosa kwa kutumia mbuzi na kuku. Mguu wa mbuzi una ngozi ngumu inayomfundisha nguvu, amwambie muuzaji ampe ambao haujababuliwa motoni kwa sababu moto unaikausha ngozi, anyoe manyoya mwenyewe. Ngozi ya kidari cha kuku ni laini inafanana na kushona uso au mtu mzima sana. Ulimi wa ng'ombe ni mzuri kwa kushona ndani kwa ndani. Na hayo matumbo, ule utumbo mwembamba wa mbuzi, anajifunza kuunga utumbo na utumbo, kisha anaujaza maji aone kama unavuja, hilo ni zoezi kubwa na wala si mchezo, siku moja litamuokoa mtu.

Lakini kwa jikoni uko sahihi na yeye amekosea. Meza ya chakula aiache. Akae uani juu ya plastiki, avae glavu, akimaliza aoshe kwa sabuni na dawa ya madoa. Nyama ilotumika kwa mazoezi isipikwe, najua inauma kutupa nyama, lakini inakaa saa nyingi nje ya friji na kipande cha sindano kikivunjika ndani hamtokiona mpaka kimkwame mtoto kooni. Basi anunue kidogo, mguu mmoja unatosha mishono hamsini, na aweke mazoezi ya nyama kwa mwezi mara moja, siku nyengine ashone reksini. Ndizi nazo zipo, na Wahindi wa kale walishaliona hili zaidi ya miaka 2,000 nyuma, Sushruta alikuwa anawafundisha wanafunzi wake kukata kwa mung'unye na matango, na kushona kwa nguo nene na ngozi laini, kabla ya kumgusa mtu.

Na sindano, Bi mkubwa, hili simamia kwa ukali. Zisiingie kwenye taka za nyumbani. Atafute kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, kama la maji ya betri au la sabuni, liandikwe, liwekwe juu watoto wasipofika, likijaa robo tatu alipeleke spitali likachomwe. Akijichoma na sindano ya kushonea mbuzi aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, na ahakikishe chanjo ya pepopunda iko sawa. Akijichoma kazini na sindano ilomgusa mgonjwa hiyo ni habari nyengine, aoshe, asikamue, akaripoti siku ileile, dawa za kinga ya HIV zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza faida, anameza siku 28. Na chanjo ya homa ya ini B awe ameshaimaliza kabla hajashika sindano yoyote ya wodini.

SWALI: Naweza kujitengenezea boksi la kufanyia mazoezi ya operesheni ya kamera, ile ya matundu madogo?

JIBU: Unaweza. Boksi la plastiki lenye kifuniko, matundu mawili ya kupitishia vifaa, simu juu ikiwa kamera, taa ndogo ndani. Uzito ni hivo vifaa virefu, tafuta vilochakaa thieta na vishatakaswa. Anza kuhamisha punje za maharagwe kutoka kisahani kimoja mpaka chengine, kila mkono kwa zamu yake. Lakini kama bado hujaweza kushona kidonda cha wazi mbele ya macho yako, liache kwanza hilo.

SWALI: Dokta natumia mkono wa kushoto. Tangu mdogo nilikuwa nikipigwa niubadilishe na sikuweza. Sasa mwalimu kanambia daktari wa upasuaji hashonei kushoto, nijilazimishe kulia. Nimelia sana. Kweli siwezi?

JIBU: Unaweza mwanangu, na mwalimu wako amekosea, nalisema hili wazi. Kula na kupeana ni adabu zetu na mkono wa kulia una heshima yake, hilo liache palepale. Kushona ni kazi ya mkono wenye akili, na wako ni wa kushoto. Madaktari wa upasuaji wa kushoto wapo dunia nzima.

Ila ujue kwamba vifaa vingi vimetengenezwa kwa watu wa kulia, kwa hiyo ukihangaika si kwamba mkono wako mbovu. Mkasi wa kawaida ukiushika kushoto, makali yanaachana na uzi unatafunwa badala ya kukatwa, dawa yake ni kukivuta kidole gumba ndani kuelekea kiganjani wakati unakata, jaribu kwenye karatasi utaona tofauti hapohapo. Nido holda nayo kitasa chake kinafunguka kwa kidole gumba cha kulia, kushoto inabidi ukisukume kinyume, hili fanya mazoezi peke yake bila ya sindano, funga fungua, funga fungua, mara mia ukiwa unasikiliza redio. Vifaa vya mkono wa kushoto vinatengenezwa pia, ukijaaliwa kazi nunua mkasi mmoja na holda moja, vitakutosha maisha.

Sindano yako itazame kulia, wenzako zao zinatazama kushoto. Wao wanashona kutoka kulia kwenda kushoto, wewe anzia kushoto. Na mwalimu akionesha usikae ubavuni kwake kama wengine, kaa mbele yake mkabiliane, utamuona kama kwenye kioo na mikono yake itakuwa ni yako. Video za YouTube zigeuze kwenye simu, programu nyingi za kuhariri zina kitufe cha kugeuza picha. Mkono wa kulia uzoeshe pia, lakini kwa kusaidia, kushika fosepsi na kufunga fundo, hata watu wa kulia tunawataka wajue mikono yote miwili. Nitumie picha ya mshono wako wa kumi na wa mia, nataka niuone.

SWALI: Mwanangu wa miaka minane aliangukia ukingo wa baraza akapasuka kwenye paji la uso. Spitali alishonwa na kijana ambaye baadae nikajua ni mwanafunzi, mikono yake ikitetemeka, hakuna mkubwa aliyesimama nae. Sasa ana kovu la kupanda. Nauliza kwa uchungu, mwanangu amefanywa kitambaa cha mazoezi?

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Ntakujibu kwa ukweli wote nilonao.

Kwa mtoto kwanza. Kovu linabadilika kwa mwaka mzima na zaidi, la miezi ya mwanzo linakuwa jekundu na gumu kisha linalainika. Lipake mafuta ya mgando, ulisugue taratibu kwa kidole mara mbili kwa siku, na juani mvalishe kofia. Likianza kutambaa nje ya mpaka wa kidonda chenyewe, likiwasha na kuinuka, hilo ni kovu la aina ya keloidi na kwetu watu weusi ni la kawaida zaidi, usingoje, mpeleke, kuna sindano za kulituliza. Na kupanda kwa kovu si mara zote kosa la mshonaji, kidonda chenyewe kilivopasuka nacho kinahusika. Ila nyuzi za usoni zinatakiwa ziwe nyembamba sana, namba 5-0 au 6-0, na zitolewe siku ya tatu mpaka ya tano, kichwani ni siku 7 mpaka 10, mguuni 10 mpaka 14. Kama za mtoto zilikaa wiki mbili, zile alama za vitone pembeni zimetokana na hapo.

Haki yako. Unaruhusiwa kuuliza nani anashona, ni mwanafunzi au daktari, na mkubwa wake yuko wapi. Unaruhusiwa kusema namtaka mkubwa asimame hapa. Na mtoto hatonyimwa matibabu kwa wewe kusema hivo. Mwanafunzi kushona si kosa, asiposhona leo kesho hatutokuwa na daktari, kosa ni kuachwa peke yake na kosa ni mikono yake kuonja sindano kwa mara ya kwanza juu ya paji la mtoto wako.

Mie mshono wangu wa mwanzo niliushona kwa mtu. Spitali siitaji. Alikuwa mchumaji wa karafuu ameanguka na mkarafuu, muundi wa mguu umepasuka. Nilikuwa nimeona wenzangu wakishona mara mbili tu, basi, ndizi sikujua, mguu wa mbuzi sikujua, na mkubwa wangu alikuwa ameitwa kwengine. Nyuzi saba zilinichukua karibu saa nzima. Ncha za ngozi zikaingia ndani na mie sikujua kuwa hilo ni kosa, nikaona zimefungana tu nikafurahi. Siku alorudi kutolewa nyuzi kidonda kikafunguka chote, ikabidi kifungwe dawa kwa wiki kadhaa na karafuu za msimu ule zikampita. Alinishukuru, unajua. Siku ile ya mwanzo alinishika mkono akaniombea dua, na hiyo shukrani ndo inoniuma mpaka leo.

Mwanafunzi anopita kwangu sasa hagusi ngozi ya mtu mpaka aniletee reksini yenye mishono mia, ganda la ndizi lisilochanika na mguu wa mbuzi alioushona nikiwa namtizama. Na siku akimgusa mtu, mie nimesimama ubavuni kwake na mgonjwa ameshaambiwa ni nani anomshona. Mlete mtoto wako nilione kovu lake, dada yangu, gazeti litakuunganisha na mie.